Mistari iliyovuja: kisa cha kundi la hip hop la vijana jijini Mbeya

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu ni kwa walimu wa dansi, maprodyuza, walezi na maofisa wa maendeleo ya jamii wanaotumia hip hop kuwasaidia vijana wanaoishi kwa shida. Unahusu tukio moja lililoanza wiki ya saba ya mazoezi, pale binti wa miaka 15 alipochana, yaani alipoghani kwa mtindo wa rap, mistari ya maisha yake mbele ya wenzake na mistari hiyo ikasambaa nje ya kundi. Majina, mtaa na mwaka vimeondolewa, na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mistari yenyewe haimo humu hata neno moja. Ilishavuja mara moja, inatosha.

Mahali na vijana

Kundi lilikutana kwenye banda la mabati lililowahi kuwa ghala la viazi, si mbali na mojawapo ya masoko makubwa ya jiji. Vijana walikuwa 22, wa miaka 13 hadi 19, wavulana 16 na wasichana 6. Wavulana wengi walibeba mizigo sokoni, walipiga debe stendi au waliosha bajaji. Wasichana wanne walikuwa wafanyakazi wa ndani, wawili waliuza mboga. Karibu nusu ya kundi walikuwa wametoka vijijini na kufikia kwa ndugu.

Wasimamizi walikuwa watatu: mwalimu wa dansi, mwalimu wa mistari ambaye pia ni prodyuza, na mratibu mwanamke aliyesomea ustawi wa jamii, ambaye vijana walimwita Dada.

Kupata banda hakukuwa rahisi. Mbeya watu huitazama rap kwa jicho la siasa, na wana sababu: mwanamuziki wa rap Joseph Mbilinyi, yaani Mr II au Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Swali la kwanza la mwenyekiti wa mtaa lilikuwa, "Hawa vijana wako ni wa chama gani?" Mratibu alimwandikia barua yenye mambo matatu: hakuna nguo za chama chochote ndani ya banda, kundi halitatumbuiza kwenye mikutano ya kampeni, na mwenyekiti anakaribishwa mazoezini siku yoyote bila taarifa. Alikuja mara mbili, akaridhika.

Wazazi na walezi walikuwa na hofu nyingine, uhuni. Kwao mratibu alieleza hip hop ilikotoka. Tarehe 11 Agosti 1973, mtaani Bronx, New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye ukumbi wa jengo walimoishi ili apate pesa za kununua nguo za kurudi shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake, Clive, aliyejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki, na ufundi wake ulikuwa kurefusha kile kipande cha wimbo ambapo sauti zinakaa kimya na ngoma zinabaki peke yake, kwa sababu hapo ndipo wachezaji walipochangamka zaidi. Akina mama waliouza sokoni ili walipie sare walilielewa jambo hilo upesi kuliko hotuba yoyote kuhusu "vipaji vya vijana".

Mazoezi yalivyopangwa

Mazoezi yalikuwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, wakati kazi za sokoni zimepungua na jua bado lipo. Saa hizo zilichaguliwa kwa ajili ya wasichana. Wiki ya kwanza walianza saa kumi na moja jioni, na wasichana watatu kati ya sita hawakuja kabisa.

Dakika 120 ziligawanywa hivi: 15 za kupasha mwili, 40 za dansi, 15 za uji, 40 za mistari, na 10 za mwisho kwenye duara. Kupasha mwili hakukufupishwa hata siku moja. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, alasiri ya mvua ni baridi, na brekidansi huweka uzito wote kwenye viganja. Kifundo cha mkono kisichopashwa huteguka kirahisi. Sakafu ya saruji ilichubua magoti, kwa hiyo walitandika kapeti la plastiki la mita 3 kwa 4. Mara ya kwanza waliweka maboksi chini yake ili iwe laini, kapeti likateleza na kijana mmoja akaangukia kiwiko. Maboksi yakaondolewa, kapeti likabandikwa kwenye saruji kavu kwa utepe mpana wa gundi pande zote nne. Kinga za magoti zilishonwa kwa mikono ya masweta ya mitumba yenye sponji ndani. Kuzunguka kwa kichwa kulikatazwa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za hatua za kusimama tu, kwa mdundo wa mapigo 100 kwa dakika. Wiki ya tatu na ya nne walijifunza hatua sita za chini, mikono miwili ikipokezana kubeba mwili huku miguu ikizunguka. Wiki ya tano, kuganda, yaani kuusimamisha mwili ghafla katikati ya mchezo.

Uji nao ulikuwa na hesabu yake: unga wa lishe kilo moja na nusu, sukari kilo moja, maji lita 12. Mwanzoni uligawiwa baada ya kila kitu. Siku ya pili vijana wawili walishikwa na kizunguzungu katikati ya dansi, maana hawakuwa wametia kitu tumboni tangu alfajiri. Wakajaribu kuwapa kikombe kizima mlangoni, na walipofikia hatua za chini, waliozicheza walitapika. Utaratibu uliofaa ulikuwa nusu kikombe mlangoni na kikombe kizima baada ya dansi.

Upande wa mistari walitumia biti za mapigo 85 hadi 90 kwa dakika. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina kizuri huanzia hapo. Wanaoanza hukimbilia "sokoni", "shuleni", "nyumbani", na kwa kuwa karibu kila nomino hubeba "-ni", kina hicho hakimgharimu mtu chochote. Mwalimu aliwapa mfano wake:

*Saa kumi na moja gunia begani,*
*nikidai ujira naulizwa, "Kazi gani?"*

"Begani" na "gani" vinalingana kuanzia penye mkazo, na kina kinabeba maana: ndipo dhuluma inapotajwa. Vijana waliipenda. Silabi 12 hadi 15 kwa mstari zilitosha. Aliyezidisha alikosa pumzi kabla ya mstari wa nne. Aliyetaka kuandika Kinyakyusa au Kisafwa aliruhusiwa, na baadhi ya waliokuwa kimya kwa Kiswahili walijaza ukurasa.

Duara la mwisho lilikuwa na sheria moja tu: hakuna kumcheka anayejaribu. Simu hazikuwa na sheria yoyote.

Kilichotokea

Jumatano ya wiki ya saba, mwalimu wa mistari aliwapa zoezi: "Andika siku yako saa kwa saa, toka unapoamka mpaka unapolala." Ni zoezi la kawaida katika mafunzo ya uandishi. Binti, ambaye kwa wiki sita alikuwa akicheza vizuri na kuzungumza kidogo, aliandika mistari minane. Alipofika kwenye saa za usiku alieleza anavyopigwa na mlezi wake, kwa kifaa gani, na kwa kosa gani. Alieleza pia kwamba mshahara wake haufiki mkononi kwake.

Alichana hadi mwisho. Duara lilinyamaza, kisha likalipuka kwa makofi. Mwalimu wa mistari alimkumbatia begani, akasema, "Huo ndio ukweli. Hiyo tunairekodi leo leo." Akamrudisha kwenye maiki, akarekodi sauti yake kwa kompyuta. Mratibu hakuwepo; alikuwa ameenda ofisi ya kata.

Wakati binti akichana, kijana wa miaka 16 alimrekodi kwa simu, kama sekunde 40 hivi. Usiku huo aliiweka video kwenye statasi yake ya WhatsApp, na maneno ya sifa juu yake. Rafiki aliichukua, akaipeleka kwenye makundi mawili. Ijumaa jirani wa yule mlezi aliiona, akamwonyesha mlezi. Usiku wa Ijumaa binti alipigwa na kufukuzwa nyumbani. Alilala kwenye kibanda cha mama muuza ndizi aliyemfahamu.

Jumamosi hakufika mazoezini. Wasimamizi walidhani ana kazi nyingi. Jumatatu asubuhi mwenzake alimfuata mratibu, akamwambia, "Dada, usinitaje, lakini ile video imemfukuzisha mwenzetu." Mratibu alimkuta binti sokoni saa nne, akiwa na uvimbe mkononi.

Maamuzi, na kwa nini

Mratibu alimpeleka pembeni ya kelele lakini mahali wanapoonekana na watu, wakakaa. Jambo la kwanza alilomwambia: "Mdogo wangu, sitakuahidi kwamba nitanyamaza. Nitakachokuahidi ni kwamba kila ninayemwambia, utajua kabla sijamwambia." Hili lilikuwa gumu, maana binti alianza kwa kuomba siri. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mtaa anakoishi. Siri iliyoahidiwa na kuvunjwa saa mbili baadaye ingemfunga binti mdomo kwa miaka.

Hakumhoji kwa undani. Aliuliza mambo manne tu: unaumwa wapi, leo utalala wapi, nani unamwamini, nini unaogopa zaidi. Maswali mengine aliwaachia wenye kazi yao, ili mtoto asisimulie tukio hilohilo mara tano.

Siku hiyohiyo walikwenda kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye aliambatana nao hadi Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Walipata fomu namba 3 ya polisi, wakaenda kituo cha afya, mkono haukuvunjika. Jioni ofisa ustawi alimweka binti kwa mama yake mdogo katika kata nyingine, baada ya kwenda kuiona nyumba na kuzungumza na watu wote wanaolala humo. Binti aliandikiwa namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bure, kwa kuwa mratibu alijua kuna saa ambazo simu yake mwenyewe haitapokelewa.

Usiku wasimamizi watatu waligombana. Mwalimu wa mistari alitaka wimbo utoke. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: hip hop imejengwa juu ya kusema yaliyofichwa, jamii ikisikia itaona haya, na binti mwenyewe alichana kwa hiari yake. Mratibu alijibu kwamba hiari ya kuwaambia watu 21 unaowaona usoni si hiari ya kuuambia mji mzima. Waliamua kwa kura mbili kwa moja: rekodi ifutwe. Mwalimu wa mistari aliifuta mwenyewe, nakala zote mbili.

Jumatano kundi liliambiwa kwamba kuna video iliyotoka na imemletea mwenzao madhara, bila kueleza madhara gani. Kati ya vijana 22, tisa walikuwa na simu janja. Kila mmoja alifuta mbele ya mratibu. Wasimamizi wa yale makundi mawili walifuatwa ana kwa ana, si kwa ujumbe, kwa sababu ujumbe wa "tafadhali futa video hii" ungeweza kuwa tangazo jipya la video yenyewe.

Kijana aliyeirekodi hakufukuzwa. Alipoulizwa alilia, akasema, "Nilitaka watu waone anavyojua." Alikuwa anasema kweli. Kumfukuza kungemrudisha stendi na fundisho moja tu, kwamba hata hapa unatupwa ukikosea. Alipewa kazi ya kukusanya simu mlangoni kila siku ya mazoezi, na baadaye, binti alipokubali, alimwomba radhi mratibu akiwepo.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kusimamisha uandishi wote kwa wiki tatu. Dansi peke yake.

Matokeo

Mahudhurio yalishuka kutoka wastani wa vijana 19 hadi 8. Wiki ya kumi yalirudi 14, na mwisho wa mwezi wa saba yalikuwa 17. Watano hawakurudi kabisa, wawili kati yao wasichana. Mmoja wa hao wasichana alizuiwa na mwajiri wake, aliyesikia kwamba "kule wanafundishwa kusema mambo ya nyumba za watu". Hasara hii haikufidiwa.

Binti alirudi wiki ya kumi na mbili. Hakutaka maiki. Alichagua kupanga biti na kupiga muziki wakati wenzake wakicheza, na kuendelea na dansi. Alianza kujifunza kushona kwa fundi cherehani jirani na mama yake mdogo. Mshahara wa miezi mitano aliokuwa akidai ulilipwa nusu, mbele ya ofisa ustawi. Shauri la kipigo lilikuwa bado polisi kisa hiki kilipokuwa kikiandikwa.

Tamasha lililopangwa mwezi wa saba liliahirishwa.

Uchambuzi

*Dansi ndiyo iliyolishika kundi.* Wiki zile tatu bila maneno zilifanya kazi ambayo kikao cha mazungumzo kisingefanya. Kijana aliyeona mwenzake akiumizwa na maneno hawezi kuombwa maneno mengine, lakini anaweza kuombwa hatua sita. Kwenye duara la dansi anaangaliwa, anashangiliwa, anatoka, na hakuna alichokitoa ambacho mtu anaweza kumpelekea mlezi wake. Kama kundi lingekuwa la rap pekee, pengine lingekufa wiki ya nane.

*Zoezi halikuwa baya, lilikuja mapema na bila mlango wa kutokea.* "Siku yangu saa kwa saa" humpeleka kijana hadi usiku, atake asitake. Kwa mtoto anayeishi kwenye nyumba ya hatari, usiku ndipo penye jeraha. Marekani, ambako wataalamu wa ustawi wa jamii kama Edgar Tyson walianza kutumia rap katika vikao vya ushauri wa vijana, na Tyson akachapisha jaribio lake mwaka 2002, kazi hiyo hufanywa na mtu aliyefunzwa kupokea kinachotoka. Banda la Mbeya lilikuwa na mtu wa aina hiyo mmoja, na siku hiyo hakuwepo. Tangu hapo hakuna zoezi la kuandika linalofanyika mratibu akiwa nje.

Zoezi lililochukua nafasi yake ni kuandika kwa sauti ya kitu: gunia, sufuria, koti la mvua, kapeti la banda. Kijana aliyeandika kwa sauti ya sufuria alisema mengi kuhusu njaa ya nyumbani kwao, na bado alibaki na uhuru wa kusema ni sufuria tu. Atakayetaka kwenda mbele zaidi anajua Dada yuko wapi.

*Sifa ya prodyuza ilichukua nafasi ya msaada.* Hili ndilo kosa zito kuliko yote, na ndilo gumu kuliona kwa sababu lilitoka kwenye upendo. Mtoto alieleza kwamba anapigwa. Jibu alilopata lilikuwa kwamba ana kipaji. Makofi yalimwambia kuwa amesikika, na wasimamizi wenyewe wakaamini hivyo, wakatulia siku nne. Mwalimu wa mistari anatakiwa kuwa na masikio mawili: moja linasikiliza vina, jingine linauliza kama jambo hili linatokea kweli na kama linatokea usiku wa leo. Likisikia la pili, la kwanza lisubiri. Sentensi waliyoifanyia mazoezi baadaye ilikuwa fupi: "Asante kwa kutuamini. Baada ya hapa, mimi na wewe na Dada tutakaa kidogo." Hakuna kurekodi siku hiyo.

*Fomu ya idhini ilimlinda asiyehitaji kulindwa.* Kila mlezi alikuwa amesaini karatasi inayoruhusu "picha na video kwa matumizi ya kundi". Yule mlezi naye alisaini. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa sawa. Idhini ya mlezi inahitajika, lakini haitoshi pale ambapo mlezi ndiye chanzo cha tatizo, na idhini ya mwanzo wa mwezi wa pili haiwezi kujua kitakachosemwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Fomu mpya inahusu dansi ya pamoja tu. Kwa mistari, kijana mwenyewe anaulizwa mara mbili, siku aliyochana na siku saba baadaye, na anaweka karatasi yake kwenye moja ya bahasha tatu: yangu peke yangu, ya kundi, ya watu wote. Anaweza kuirudisha nyuma wakati wowote. Ya peke yangu hubaki kwake, wala wasimamizi hawaisomi.

*Simu.* Kikapu mlangoni ni jambo dogo lililokosekana. Vijana wawili walikataa mwanzoni, wakihofia kukosa simu za wateja wa mizigo. Ikaamuliwa simu zibaki na sauti, na mshika kikapu amwite mwenyewe inapoita. Hapo wakakubali.

*Kutofuatilia kutokuwepo.* Jumamosi binti alikosekana na hakuna aliyeuliza. Sasa anayekosekana bila taarifa hutafutwa siku hiyohiyo kabla ya giza, na mwenzake anayemjua akiongozana na msimamizi. Kwa vijana wasio na anwani, daftari la mahudhurio linaandika pia jina la mtu mmoja sokoni au stendi anayejua walipo.

Mwezi wa sita video ilionekana tena, kwenye kundi la WhatsApp la madereva wa bajaji. Kijana yule yule aliyeirekodi ndiye aliyempigia mratibu, ndani ya saa moja, na msimamizi wa kundi akaiondoa. Binti aliambiwa jioni hiyo kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Aliuliza imefika kwa watu wangapi, akaambiwa haijulikani, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Jumatano anaweza kuleta biti yake mwenyewe.